Vidonge Baada ya Shukrani

Baba aliporudi Butiama baada ya kupasuliwa moyo Dar es Salaam, tulichinja ng'ombe. Kwetu huwezi kuponea chupuchupu halafu ukala ugali wako kimya kimya. Padri alisalisha, wajomba walikuja kutoka Mugango na ndoo ya sato, na baba akapandisha mguu wa suruali kuwaonyesha kovu la pale ulipotolewa mshipa wa kupandikizwa moyoni. Vigelegele vikapigwa.

Kesho yake akaacha vidonge.

"Nimeshashukuru," akasema mbele ya wageni waliolala. "Ukishukuru halafu ukaendelea na dawa, ni kama unamwambia Mungu humwamini."

Mimi ni mwalimu wa baiolojia Bunda. Nilijua kwamba vidonge vile ndivyo vilivyozuia damu isigande kwenye mshipa mpya. Lakini binti hamkosoi baba mbele ya wajomba. Wageni walipoondoka, nikaona aibu kulirudia jambo lile. Ujinga mtupu, na nilikuwa na digrii.

Mwaka wa tatu kifua kikaanza kumbana kila akienda zizini. Daktari wa Musoma aliangalia picha zilizopigwa Mwanza, akatueleza bila kuzunguka: ule mshipa wa kupandikiza umeziba. Wangeweza kupitisha waya mwembamba na kuuzibua, lakini dawa ya kupigia picha ilikuwa imeshazitikisa figo zake, na kuzibua kungehitaji nyingine zaidi. Wangeweza kumpasua tena, ila kifua kilichopasuliwa hugandamana kwa ndani, na huenda asiamke. Au abaki na vidonge, apunguziwe maumivu, na moyo uende utakapofika.

"Vile vya mwanzo alikuwa anameza?" daktari akauliza, akinitazama mimi.

Baba akanitangulia. "Nilikuwaga nameza, daktari. Huyu ndiye alikuwaga ananikumbusha."

Mzee huyu alitucharaza sote utotoni kwa uongo mdogo kuliko huo. Alikuwa ananikinga mimi.

"Hakumeza," nikasema. "Aliacha, nami nilijua."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema basi waanze na vidonge, angalau hivyo havijashindwa bado. Ila mshipa ulioziba vidonge haviuzibui.

Nje, baba alisimama mara mbili kuvuta pumzi kabla hatujafika getini. Nilimwomba msamaha. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wale wajomba zako hata wangesema, nisingewasikiliza," akasema. "Wewe ningekusikiliza, mama."