Gari Tulilokodi Luano

Tangu tupande ndege Dar, mama alikuwa na neno moja tu: "Nimkute anaongea." Hakusema amkute mzima, maana alishakubali kwamba dada yake anakufa. Alitaka kumkuta anaongea. Yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa huko, ndiye aliyemlea pale Kamalondo, mjini Lubumbashi, mpaka mama akaolewa na kuja kwetu. Miaka mingi walisikiana kwenye simu tu. Wiki ile binti wa Yaya akapiga: "Mama mudogo, mukuje mbio. Kila asubui anauliza kama mulishafika."

Tukatua Luano saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshaagiza gari la kukodi, kwa sababu mama ana nyonga mbovu na nilijua siku zile zitakuwa za kwenda kwa mgonjwa na kurudi. Aliyetupokea alikuwa baba mmoja wa makamo, mwenye meza ndogo karibu na mlango wa kutokea na fomu za Kifaransa. Alisoma leseni yangu, akanitazama.

"Mama, huku tunatembeza kuume. Kwenu ni kushoto, ao? Mutwae shofere. Nitabapatia muntu muzuri."

"Usukani wa gari lenyewe uko wapi?"

"Volan iko kuume, sawa ya kwenu."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililoniponza. Nimeshika usukani zaidi ya miaka ishirini, nimepanda mlima Kitonga nyuma ya malori mabovu, halafu mtu anipangie dereva? Thubutu! Nikanyoosha mkono anipe funguo. Mama akanivuta mtandio. "Mchukue huyo dereva, mwanangu, tufike."

"Kwani mimi mtoto?" nikamjibu, tena mbele ya watu. Mama akauachia mtandio.

Mwanzoni nilikwenda vizuri, maana nilimfuata aliyekuwa mbele yangu. Lakini kwa usukani ule, upande ule wa barabara, abiria ndiye anayekaa katikati. Malori yenye shaba yalikuwa yanampita mama sikioni. Alishika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, midomo ikimtembea kwa dua, na mimi nikajifanya sioni.

Tulipokaribia mjini akasema tusimame dukani, haingii kwa mgonjwa mikono mitupu. Tukanunua sukari na sabuni. Nilipotoka kwenye uwanja wa duka, barabara ilikuwa nyeupe, hakuna hata gari moja la kufuata. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani ulio mahali pale pale ilipouzoea, nayo ikanipeleka ilikozoea. Nikaingia kushoto.

"Hapo sasa," mama akasema, akaachia kishikio. "Sasa unaendesha kama nyumbani."

Nilifurahi, jamani. Nilidhani amenisamehe lile jibu la uwanjani. Akaanza hata kunionyesha, shule ile, kanisa lile, hapa palikuwa na mti wa nini sijui. Kwenye kona likatokea lori, upande wetu, taa zinawaka. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Na huyu naye kalewa asubuhi yote hii?" Nilikuwa bado namtukana dereva wa watu mama alipopiga kelele. Nikakata kushoto, tukaingia mtaroni, upande wake ukiwa mbele.

Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mimi sikupata hata mchubuko, na hilo linaniuma mpaka leo. Wakaja polisi wa barabarani, yakafuata maelezo, kisha teksi, hospitali, foleni ya picha, foleni ya plasta. Mama hakulia. Aliuliza saa tu. Kila alipouliza nilimpunguzia nusu saa, eti nisimtie wasiwasi. Nafikiri alijua.

Tulifika Kamalondo saa tisa na nusu. Nje ya nyumba viti vilikuwa vimeshapangwa. Mama aliviona kabla yangu, akasema "Innalillahi" kwa sauti ya chini, akabaki ameketi ndani ya teksi mpaka nikamfungulia mlango.

Binti wa Yaya alimkumbatia, akilia. "Aliongea mpaka saa saba, mama mudogo. Alikuwa anauliza tu: balishafika?"

Saa saba. Kutoka uwanja wa ndege mpaka pale ni mwendo wa nusu saa. Wangekaa pamoja zaidi ya saa mbili.

Maji ya kumwoshea yalikuwa tayari chumbani. "Ingieni," wanawake wakamwambia mama, "tulikuwa tunabangoya. Ni ninyi mwenye kumuosha." Mama akauinua mkono wenye plasta. Wote wakautazama.

"Nilianguka nikishuka ngazi za ndege," akasema. "Na ndege yenyewe ilichelewa sana. Binti yangu ataniwakilisha."

Hakunitazama. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka. Nikakunja mikono ya gauni langu, nikamwosha mama mkubwa ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai. Alikuwa na vidole vya mama, vifupi, na kucha pana. Mama alisimama ukutani, plasta ameikumbatia kifuani, akinielekeza polepole: taratibu hapo, begani, usimwage maji mengi.

Binti wa marehemu alikuwa upande wa pili, akinishikia birika. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hasira pia. "Ule muntu mwenye alibachelewesha, ata akuwe nani," akasema, "Mungu amulipe."

Wanawake wakaitikia amina. Mama hakuitikia. Binti yule akaniangalia, akisubiri.

"Amina," nikasema.