Lutuku ya Yaya Ngalula

Nilitoka Sandoa kwa sababu ya Yaya Ngalula, dada yangu mkubwa anayekaa Musonoi. Yeye na watu wa kanisa lao wanapigania watoto watolewe kwenye mashimo ya madini. "Weye unafundishaka mambo ya zamani," aliniambia kwa simu. "Kuya utuelezee namna bantu ba Amerika balimaliza butumwa."

Njia nzima nilikula vumbi, lakini sikujali. Nilikuwa nikijihutubia kimoyomoyo.

Kolwezi nilipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka Musonoi. Yaya nilimkuta uani akipika lutuku, pombe ile kali ya mahindi. Ndiyo inayosomesha wanawe, wasishuke shimoni.

Jumapili, baada ya ibada, nikahutubu kwa mbwembwe zote. Waliopinga utumwa Marekani, nikasema, hawakupigania jambo moja: wengi wao walipinga pombe pia, wakataka watoto wa maskini wasome na wanawake wasikilizwe. "Mambo hayo yalikuwa ndugu!" Nikapigiwa makofi.

Mchungaji akasimama, akaniita "tata", yaani baba, kwa heshima. "Mumesikia Tata Mwalimu? Basi, mwenye anauzisha lutuku atoke mu kundi ya kutetea batoto."

Wote wakamgeukia Yaya. Mungu wangu! Nikadakia kwamba hata kule Marekani waligombana, maana wengine hawakutaka wanawake waongoze, na kundi likapasuka. Nilikuwa namwokoa au namzamisha? Sikujua tena.

Yaya akasimama. Katika kanisa lile akina mama huimba, mkutanoni hawasemi.

"Ikala, mama," mzee mmoja akamwambia.

Hakukaa. "Tata Pasta, nikiacha lutuku, kesho batoto bangu beko mu shimo. Nani atabatosha mule, kama mi munanitosha mu kundi?"

Mchungaji akafunga mkutano kwa sala.

Asubuhi ya kuondoka, akina mama kadhaa walikuja kuketi uani, kando ya pipa la lutuku. Wameanzisha kundi lao. La mchungaji lipo bado, na haya mawili hayasalimiani.

"Tata Mwalimu," mmoja akaniuliza, "kule Amerika, kundi gani lilikuwa na haki?"

Nilikuwa na jibu darasani Sandoa. Pale uani nilisingizia kwamba taxi-moto inanisubiri.

Tangu nirudi Sandoa mnaniuliza nimejifunza nini. Sijui, ndugu zangu, kichwa kimenivurugika. Ninachojua ni kwamba barabara ya kutoka kwa Yaya hadi kanisani ni moja, na nilipokuwa naondoka watoto walikuwa wanaipita, sepetu begani, wakienda shimoni.