Namba Tisa Aliyelala Nyumbani Kwangu

Siku timu yetu ilipotambulisha wachezaji wapya nilikuwa sokoni Katesh, nanunua chumvi ya ng'ombe. Gari la matangazo likapita polepole, spika mbili juu, na nyuma vijana wanne wamesimama wameshikilia jezi vifuani kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Mtangazaji anapaza sauti: "Tumeshusha vyuma! Vyuma vinne! Na wote ni wachezaji huru, hatudaiwi na klabu yoyote!" Watu wakapiga miluzi. Mimi nilibaki nimesimama na chumvi yangu, hasira inanipanda.

Niseme mapema, ili anayesoma anipime. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyekuwa namba tisa wa timu ile. Mabao yaliyotupandisha hadi ligi ya mkoa mengi yalikuwa yake. Kwa hiyo huenda hasira yangu haikuwa ya timu, ilikuwa ya damu. Nimejiuliza mara nyingi, jibu sina. Mimi ni darasa la saba, siwezi kupima mambo kama wanasheria. Ninachoweza ni hiki: nikitaka kumlaumu mtu, namtafutia kwanza neno la kumtetea.

Basi nimtetee mwenyekiti wa timu. Ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na aliibeba timu mgongoni wakati hatuna hata mpira wa mazoezi. Alisema vijana wetu ni wazuri ila mechi kubwa hawazijui, na kwamba huko Arusha na pwani wapo wachezaji waliomaliza mikataba, wamekaa tu, ukiwapa nauli na mahali pa kulala wanakuja. Hoja hiyo ina akili ndani yake. Na kati ya wale wanne, golikipa alikuwa golikipa kweli. Hilo nalisema hata mpwa wangu akinuna. Kule Babati alidaka penalti nikajikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua.

Lakini namba tisa! Huyo walimchagua kwenye simu. Mwenyekiti alituonyesha video dukani kwake: shuti la mbali, wavu unatikisika, uwanja una majani kama shamba la ngano.

"Hii ni ya lini?" nikauliza.

"Wewe angalia mguu, usiangalie kalenda."

Dukani wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa aibu, na mpaka leo kicheko hicho kinaniuma.

Kesho yake kocha alimwita mpwa wangu pembeni akamwambia jina lake halitapelekwa kwenye usajili, nafasi zimejaa. Kijana akaja kwangu moja kwa moja, viatu vya mpira vinaning'inia shingoni.

"Mjomba, nimekatwa."

"Wamekuweka benchi?"

"Benchi lipi? Hata leseni sina."

Alikunywa chai yake yote. Halafu akasema anakwenda Yaeda Chini kwa baba yake mdogo, kuchunga. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, akaanza kumsihi asiache mpira. Kijana akamjibu kwa upole, "Bibi, ng'ombe hawabadilishi mchungaji kila msimu." Akafunga begi. Chumba alichokuwa analala kwangu kikabaki wazi.

Timu yetu haina kambi. Mchezaji akitoka mbali anapelekwa kwa shabiki mwenye nafasi, analala hapo, anakula hapo, na shabiki anajisifu mtaani. Wiki hiyohiyo katibu akaja kwangu, nyuma yake mwanaume mrefu anavuta begi la magurudumu kwenye vumbi letu.

"Tumesikia una chumba," katibu akasema, hata haya hana.

Alikuwa namba tisa mpya. Nilifungua mdomo nikatae. Nilishaliandaa hilo neno. Lakini mama alikuwa ameshatoka jikoni, na yule mtu akainama: "Shikamoo, bibi." Mama akaitikia, "Marahaba, karibu. Una njaa?" Ikawa imeisha. Kwetu mgeni akishaulizwa kama ana njaa, humfukuzi tena.

Nilitaka awe mtu mbaya. Ningepumzika. Lakini alikuwa anaamka kabla yangu, anakwenda kunikatia majani ya ng'ombe, na anayakata vibaya mpaka mama anacheka. Upepo wa mlimani ulimtesa, alivaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Ugali kwa maziwa ya mgando aliuzoea siku ya kwanza. Nilikuwa nakaa naye mezani, namchukia, na namwongezea maziwa.

Asubuhi moja nilimkuta jikoni na beseni la maji ya moto, anakanda goti. Lilikuwa limevimba, limepinda upande kama kiazi kilichokosa nafasi ardhini. Akaushusha haraka mguu wa suruali aliokuwa ameukunja. Nikajifanya nimefuata kiberiti.

Hapo ndipo hasira ilipopata kazi. Nikasema moyoni, huyu ametudanganya, amekula nafasi ya mtoto wetu kwa mguu mbovu. Nikapanga kusimama kwenye mkutano wa wanachama na kumwanika. Maneno niliyapanga vizuri, nikayarudia shambani peke yangu, mahindi yakanisikiliza. Kisha nikajiona sina haki. Nimemlisha mtu, sijamuuliza. Jioni yake, tukiwa zizini, nikamuuliza.

"Ndugu yangu, hilo goti viongozi wanalijua?"

Aliniangalia kama nimemtania. "Kaka, niliwaambia kabla sijasaini. Nilimwomba mwenyekiti nipumzike kwanza, lipone. Akaniambia nitafunga bandeji, watu wameshaona video."

"Na wewe ukakubali?"

"Nikatae niende wapi? Ukimaliza mkataba huna daktari, huna kocha, huna mtu. Una simu tu, unaingoja iite. Wao ndio waliopiga."

Akaendelea kumwaga majani horini. Hasira haikupungua, naapa, ila iligeuka. Ilitoka kwa mgeni wangu ikaelekea dukani kwa mwenyekiti.

Kwenye mkutano nilisimama. Mimi si msemaji. "Mwenyekiti, kabla hatujamsajili mtu, nani anampima?"

"Mpime wewe," akajibu. "Si unalala naye nyumba moja?"

Wakacheka. Sauti ikatoka nyuma: "Huyo anamtafutia mpwa wake namba!" Wakacheka zaidi, wengine wanapiga meza. Nikakaa. Kilichoniuma ni kwamba yule wa nyuma hakusema uongo mtupu. Na jibu kamili nilikuwa nalo kinywani, kwamba walilijua goti na wakanyamaza. Lakini hayo niliambiwa zizini na mgeni wangu. Yalikuwa maneno yake na ugali wake wa kesho. Nikayameza. Nilifanya sawa? Kuna siku nasema ndiyo, kuna siku nasema nilikuwa mwoga tu.

Mechi na timu ya Mbulu iliangukia siku ya mnada, uwanja ukajaa. Mpwa wangu alikuwa amepandisha ng'ombe wa baba yake mdogo kutoka Yaeda Chini, akaja na fimbo yake, akasimama karibu nami. Alimtazama yule aliyevaa jezi yake namna anavyokimbia, na mapema sana akaninong'oneza, "Mjomba, huyo anaumwa."

Kipindi cha kwanza mpira mrefu ukapigwa. Mgeni wangu akaukimbilia, akageuka, akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Hakuna hata aliyekuwa karibu.

"Mzigo! Mzigo!" uwanja ukaanza. "Mrudisheni kwenye simu!" Na waliopiga kelele zaidi ni walewale waliopiga miluzi sokoni. Yeye amelala, ameshika goti, amefunika uso kwa jezi. Machela hakuna. Mwenyekiti ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, anaangalia simu.

Sijui nilivukaje ile kamba. Nilijikuta mbele yake, napiga kelele kwa sauti ambayo hata mke wangu hajawahi kuisikia. "Ulijua! Alikuambia mwenyewe! Ukamwambia afunge bandeji!"

"Mzee, kaa chini, usituletee fujo hapa."

"Mtoto wetu umemkata, na huyu umemvunja! Timu gani hiyo?"

Mgambo akanishika mkono. Nilipogeuka nikaona mpwa wangu ameweka fimbo chini, yuko uwanjani, amempitisha yule mtu mkono begani na kumwinua. Nikakimbilia upande wa pili. Tulipokuwa tunatoka naye, shabiki mmoja akamfokea mpwa wangu, "Wewe acha uuguzi, kavae jezi uingie!"

"Leseni yangu anayo huyu ninayembeba," kijana akajibu, wala hakusimama.

Tulifungwa. Golikipa alijitahidi, nalisema tena.

Mgeni wangu alikaa kwetu mpaka alipoweza kutembea na fimbo, fimbo ya mpwa wangu. Mwenyekiti hakufika. Kocha alifika, amebeba sukari, akamwomba radhi huku anaangalia sakafu. Nilimpa kiti na chai, lakini sikumchangamkia. Mpwa wangu alikuwa amebaki nyumbani siku zile, jioni anacheza na vijana pale chini kwenye kiwanja cha shule, na mgeni wetu anamtazama kutoka kwenye benchi la mlangoni. Siku moja akachukua simu, akampigia mtu aliyewahi kucheza naye, ambaye sasa anafundisha timu ya Dongobesh. "Nina namba tisa hapa," nikamsikia. "Hana mkataba. Na huyu magoti yake yote mawili ni mazima, nimeyaona mwenyewe."

Msimu mpya Dongobesh wakamchukua mpwa wangu. Mwenyekiti wetu naye sasa anatamba sokoni kwamba kijana yule "tumemlea sisi." Nilimsikia kwa masikio yangu. Mkononi nilikuwa na jiwe la chumvi tena, na Mungu anajua nilivyolishika.

Asubuhi ya safari mama alimfungia mpwa wangu makande kwenye chombo. Kijana alikuwa na furaha mpaka hawezi kukaa. Akanionyesha simu: gari la matangazo la huko, mtangazaji anaita chuma kipya, namba tisa, mchezaji huru. Nilifurahi. Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi. Lakini nilisikia pia miluzi ya watu ndani ya ile simu, nikafikiria mtu mmoja kule amesimama sokoni na mzigo wake, hapigi mluzi.

"Ukifika," nikamwambia, "msalimie mwenye nyumba watakapokulaza. Na kabla hujanywa chai yake, uliza namba tisa wao alikuwa nani."

"Nikishamjua nifanye nini, Mjomba?"

"Sijui," nikasema. "Ila umjue."