Kagendo na Kidudu Kilichojifunza Kucheza

Kagendo hakuipenda ile mashine tangu ilipoingia nyumbani, na hakujisumbua kuficha. Ilikuwa ndogo, yenye magurudumu, mkono mmoja mwembamba, na kamera mbili mahali ambapo kiumbe wa Mungu angekuwa na macho. Mwanawe Mutuma, mwanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani na mtaa wao wa Jane na Finch huko Kanada, aliileta kutoka maabara ameikumbatia kifuani. Hata binti yake hajawahi kumbeba hivyo, Kagendo akasema moyoni.

"Nani anaifundisha?" aliuliza.

"Hakuna, Mum. Inajifunza yenyewe kama mtoto mchanga. Udadisi tu. Ikikutana na kitu isichokielewa, inakichezea mpaka ikielewe, halafu inatafuta kingine."

"Na huyo mtoto mchanga mlimwangalia wapi?"

Mutuma akacheka, akamtupia jicho binti yake aliyekuwa sakafuni. 

Kagendo alikuja Kanada kumlea Nkatha, mjukuu wake wa miezi kumi, kwa kuwa mkaza mwanawe Bosibori ni muuguzi na zamu zake hazina huruma. Kule kwao Meru alilea wanawe wote mgongoni, na hakuna aliyeshindwa kutembea. Sasa Mutuma alimwomba asimbebe Nkatha asubuhi. Amwache sakafuni kando ya mashine ili awarekodi. Utafiti tu, alisema. Kagendo aliogopa jambo moja: kwamba mwanawe ameanza kumtazama mtoto wake kwa jicho la maabara, na jicho hilo halishibi.

Basi asubuhi moja, Mutuma akiwa bafuni na Nkatha akicheza sakafuni sebuleni, alichukua beseni la kufulia akakifunika kile kidudu gubigubi.

"Kaa humo," akakiambia.

Kikatulia. Kisha kikaanza kugonga. Kikagonga huku, kikagonga kule, kikasukuma, beseni likasogea. Kikasukuma tena, likasogea zaidi. Mutuma alipotoka na taulo begani, alimkuta mamake amepanda juu ya kochi na beseni linatembea lenyewe sebuleni.

"Mum! Umeipa somo ambalo sisi hatukulifikiria!" Akakimbilia kamera yake kwa furaha. Kagendo alishuka kwenye kochi akikaribia kulia kwa hasira.

Beseni likapinduka, likaanguka kwa kishindo. Mashine haikulitazama tena. Ilikwisha kulijua, ikaenda zake kuchokora mifuniko ya sufuria. Lakini Nkatha alishtuka. Akaipita mashine, akampita babake na kamera yake, akatambaa mbio hadi miguuni pa nyanya yake, akaficha uso kwenye rinda. Alipotulia alichungulia, kisha akarudi kulipapasa beseni.



"Mashine yetu haina mtu wa kumrudia," Mutuma alisema polepole. "Inaenda mbele tu." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kazini. "Mum, kwa haraka zangu sikuwasha kamera. Mshtue tena kidogo, nirekodi."

"Nimshtue mwanao?"

 Kidole cha Mutuma kilikuwa bado juu ya kitufe cha kamera.

Kagendo akamwinua Nkatha pamoja na beseni lake, akaingia naye chumbani, na ufunguo ukasikika ukizunguka.