Bipu Haipokelewi

Sikuja kukuchekesha, na kama unatafuta hadithi za kubuni wapo wanaozitunga vizuri kuliko mimi. Hili lilinipata mimi mwenyewe, huku huku kwetu milimani, nikiwa na akili zangu timamu, na pombe siijui ladha yake. Mama yetu bado yupo. Ukitaka ushahidi nenda kamuulize, yeye hajui kusema uongo hata wa kumkwepa mgeni.

Ilikuwa miaka ile makampuni ya simu yanashindana kusimika minara, mitumba imejaa sokoni, na pale Lushoto mjini limefunguliwa duka la intaneti lenye kompyuta chache zinazovuma kama mashine ya kusaga. Mhudumu wa pale alikuwa dada mmoja anaitwa Rehema. Yeye ndiye aliyetufundisha ule mchezo. Unajenga ngome yako ndani ya kompyuta, unalima, unalea askari, na wachezaji wenzako wako dunia nzima. Ubaya wake, mchezo wenyewe haulali. Wewe uko shambani unapalilia kabichi, huku mtu wa nchi nyingine anaichoma ngome yako. Ndiyo maana wachezaji hujiunga kwenye koo. Mmoja akivamiwa, kiongozi wa ukoo anaandika tangazo, na wote mnapeleka askari kumwokoa mwenzenu. Kiongozi wetu alikuwa Rehema, na tulijiita Ukoo wa Ukungu. Usicheke, tulikuwa vijana.

Sasa niambie, tangazo linaandikwa kwenye kompyuta mjini, sisi tuko juu huku na majembe, tutalionaje? Tukabuni mnyororo wa bipu. Rehema akiona tangazo anambipu Mdoe, rafiki yangu tangu tunachunga mbuzi. Mdoe ananibipu mimi. Mimi nambipu mdogo wangu Hoza, na Hoza naye ana wake. Kila mtu alishika namba ya anayemfuata tu, basi, ili tusichanganyane. Bipu fupi, inayolia na kukatika, maana yake kuna habari, ukipata nafasi pita mjini. Bipu ndefu, simu inayolia mpaka inyamaze yenyewe, maana yake tumevamiwa, acha ulichoshika, njoo Jiweni sasa hivi.

Jiwe ni mwamba bapa ulio ukingoni mwa genge, ukisimama juu yake unaiona Mombo yote chini kule. Nyumbani mtandao ulitosha simu kulia tu, lakini pale Jiweni ulishika vizuri, na Mdoe alikuwa na simu yenye kufungua intaneti. Tulikuwa tunapokezana hiyo simu moja. Unaingia ngomeni kwako, unatuma askari wako, unampa mwenzako.

Na sheria yetu kubwa ilikuwa hii: bipu haipokelewi. Ukiipokea umekula salio la mtu, na ukoo mzima utakusema mpaka ukome. Hoza aliishika sheria hiyo mno. Jina langu likitokea kwenye simu yake hagusi kitu, anasikiliza urefu wa mlio tu. Mama alikuwa akisema angeshika sala namna hiyo angekuwa shehe.

Mdoe alifia pale Jiweni. Alitangulia siku ya ukungu mzito, sisi wengine tulikuwa mbali tukachelewa, naye akakanyaga pasipo na kitu. Mwili waliupata chini bondeni, simu haikuonekana. Tulimzika, tukasoma hitima, tukaacha kabisa kwenda Jiweni. Rehema akaupanga mnyororo upya, akawa ananibipu mimi moja kwa moja, tena bipu fupi tu, ingawa ile ndefu hakuna aliyeifuta. Lakini jina la Mdoe sikulifuta kwenye simu yangu. Wewe ungelifuta?

Haya, sikiliza. Ulikuwa msimu wa kipupwe, jua hatujaliona tangu asubuhi. Nilikuwa natoka kuangalia karoti zangu upande wa Shume, nimeingia kwenye ule msitu wa misonobari ya kupandwa, giza ndiyo linaanza kuingia. Simu ikalia mfukoni. Nikasema huyo Rehema. Nikaitoa, na jina lililokuwa kwenye kioo ni Mdoe.

Niamini, nililisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika kusoma jina fupi hivyo. Simu ikalia, ikalia, mpaka ikanyamaza yenyewe. Bipu ndefu.

Nikajiambia ni mtu kaiokota ile simu anachezea. Si ndivyo na wewe ungejiambia? Nikainua macho nitafute njia, nikamwona ameketi juu ya gogo, mbele yangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumrushia kitu akadaka. Alivaa lile koti lake la mtumba lenye manyoya shingoni, lile lile tuliloambiwa lilichanika vibaya lisifae hata kumpa mtu. Lilikuwa zima. Ukungu ulikuwa umenilowesha mimi mpaka ndani, yeye alikuwa mkavu. Na kwa baridi ile kila mtu akifungua mdomo anatoa mvuke. Yeye alifungua mdomo, na hakikutoka kitu.

"Onga makeo," akasema. Hiyo kwa Kishambaa ni salamu ya asubuhi, na usiku ulikuwa unaingia.

Nilitaka kusoma aya, aya zote zikanikimbia.

"Mbona umeganda hivyo? Umeona askari wa msitu?" Ulikuwa utani wake wa siku zote, na ndio ulionitisha kuliko koti.

"Mdoe," nikasema, "wewe tumekuzika."

"Mmenizika, sawa. Lakini siku ile nilifika Jiweni peke yangu, na mpaka leo nipo peke yangu. Upweke mbaya, wewe. Nataka mmoja tu aje."

"Mimi siji."

"Najua huji, wewe mwoga tangu shuleni. Pasia kwa Hoza. Hoza hawezi kuipuuza bipu ndefu."

Nilipolisikia jina la mdogo wangu kinywani mwake, woga ulinipungua kidogo na hasira ikaingia. Hoza ndiye mtoto wa mwisho wa mama, baba alituachia akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi ndiye niliyemlea. Nikamwambia Mdoe hapana, kwa Hoza sipasii, afanye atakalofanya.

Hakukasirika. Aliinuka kwenye gogo, akajipangusa, akasema, "Haya. Nitambipu mwenyewe," akaingia kati ya miti upande wa kwenda Jiweni. Chini kulikuwa na majani makavu ya misonobari na vijiti tele, na sikusikia hata kimoja kikivunjika.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na wewe ungechanganyikiwa vile vile. Nilichowaza ni kimoja: nimuwahi Hoza kabla hajabipiwa na huyu. Nikaandika meseji, ikakataa, salio halikutosha. Nikapiga. Nilijua salio lililobaki lingenipa pumzi moja tu ya kuongea, nami sikuhitaji zaidi ya neno moja, usitoke. Simu ikaanza kulia kwake. Nikawa nanong'ona, pokea, Hoza, pokea mdogo wangu. Ikalia, ikalia, mpaka ikanyamaza yenyewe.

Umeona nilichofanya?

Jina langu lilitokea kwenye simu ya Hoza, likalia mpaka mwisho, naye akakaa kuusikiliza mlio kama ilivyo sheria. Nilikuwa nimempigia asitoke, na kwa ukoo wetu nilikuwa nimemwambia njoo Jiweni sasa hivi.

"Ahsante, ndugu yangu," ikasema sauti kutoka kwenye miti. "Namba yake mimi nilikuwa sina."

Nilikimbia. Siwezi kukueleza njia niliyopita kwa sababu haikuwa njia, nilikata mashamba ya watu, nikaanguka kwenye matuta, nikainuka. Nilimpigia tena nikiwa nakimbia, kisha nikaikata haraka nilipokumbuka kwamba kila mlio unamsukuma tu mbele. Hebu fikiria, umeshika simu mkononi, mdogo wako anakwenda kufa, na hicho ulichoshika ndicho kinachomwita. Nililia kwa sauti, sioni haya kusema.

Nyumbani nilimkuta mama mlangoni na kibatari. Hata shikamoo sikumpa, na kwa mama yangu hilo si dogo.

"Hoza yuko wapi?"

"Si umemwita wewe?" akasema. "Kaacha chakula mezani, kasema kaka kabipu. Unamwita mwenzio kule gengeni na ukungu huu, una wazimu?"

"Kapita wapi?"

Akaniangalia usoni, na sijui aliona nini, maana hakuuliza tena. Akanionyesha njia ya juu ya shamba la mapeasi, akaweka kibatari chini, akaanza kumwomba Mungu pale pale kizingitini.

Nilipofika karibu na Jiwe ukungu ulikuwa mzito hata mkono wangu siuoni. Kisha nikaona mwanga mdogo wa simu, ule wa kibuluu, unatembea taratibu mbele. Nyuma ya mwanga alikuwepo Hoza, nilimjua kwa sweta yake ya shule. Na aliyeushika mwanga, aliyemtangulia, alikuwa na mabega yangu. Alikuwa na mwendo wangu, huu wa kuvuta mguu wa kushoto tangu nilipoumia kwenye magogo. Alikuwa mimi.

"Hoza!" nikaita.

Akajibu bila kugeuka, "Nakuja kaka, usiende haraka hivyo." Alikuwa anamjibu yule wa mbele.

Nikaita tena, akajibu vile vile, na mguu ukaenda mbele. Kuita hakukuwa na maana tena. Nilimrukia nikamkamata sweta kwa nyuma kwa mikono miwili, ikachanika begani, nikaivuta hivyo hivyo mpaka tukaanguka wote chali kwenye magugu. Ndala yake moja ilimvuka ikaenda mbele. Tukalala pale tunasikiliza itue. Haikutua.

Ule mwanga ulikuwa bado upo. Ulikuwa mbali kidogo na sisi, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, na pale uliposimama hakuna ardhi, kuna hewa mpaka Mombo. Ulikaa hivyo kama unatungoja, halafu ukazimika. Nilimshika Hoza mkono kwa nguvu sana hata kesho yake alama za vidole vyangu zilikuwepo.

Asubuhi nilikwenda mjini kwa Rehema. Aliapa hakubipu mtu. Umeme ulikuwa umekatika siku nzima, hata kompyuta hakuwasha, tangazo angelisoma wapi? Nilikwenda na kwa mama yake Mdoe, tukapiga namba ya marehemu mbele yake, tukaambiwa namba hiyo haipo. Alilia, akasema mwanawe hakuwa mtu wa kupenda kukaa peke yake. Tukamsomea tena, safari hii pale pale Jiweni, mchana, wazee wakituweka mbali na ukingo kama watoto. Ukoo wa Ukungu ukafa hapo. Ngome zetu sijui nani alizichoma.

Unadhani yaliishia hapo? Hoza ni mtu mzima sasa, ana mke na watoto, analima Malindi, hii ya huku kwetu milimani, si ile ya pwani. Tunaelewana, tunasaidiana, shamba langu likizidiwa anakuja. Lakini tangu siku ile hajawahi kunifuata nyuma. Tukiwa njiani lazima mimi nikae nyuma yake, na akiona nimemwacha kidogo anasimama, anageuka, ananitazama usoni mpaka aridhike. Nilikuwa nafanya mzaha juu ya hilo. Niliacha siku ya harusi yake, alipoingia chumbani nimfungie kilemba, akafunga mlango.

"Kaka," akasema, "naomba nikuulize, usikasirike. Aliyekuwa mbele yangu siku ile ulikuwa wewe. Aliyenivuta nyuma ulikuwa wewe. Mimi nilirudi nyumbani na yupi?"

Niliapa kwa jina la Mungu, niliapa kwa baba yetu aliye kaburini. Akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mgonjwa ili anyamaze. Mpaka leo sijui kama aliniamini. Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mama: kuna siku za ukungu ananitazama vile, mpaka na mimi nahisi napaswa kujikagua.

Basi ninyi wa siku hizi mna magrupu yenu, kiongozi anagusa kitu kidogo tu na tangazo limewafikia watu wengi ambao hata sura hawajuani. Chezeni, siwakatazi, na mimi nilicheza. Ila kaeni chini mliangalie hili. Sisi tulikuwa na bipu ya kusema njoo, na tulikuwa na bipu ya kusema njoo upesi. Ya kusema usije hatukuwahi kuipanga, hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria. Ipangeni.