Kanuna Mbele ya Ofisi ya Kijiji

Mwaka wa sabini na nne, Operesheni Vijiji ilipomwondoa Deodata kwenye migomba ya marehemu mumewe na kumpeleka kijiji kipya huko Nyarubungo, alipanda lori na jembe, kuku wawili, na kopo lenye shina la kanuna. Kanuna ni mmea mfupi wa maua ya samawati. Ukipiga kelele karibu yake, maua hujifunga kama mtoto aliyenuna. Deodata alilijua hilo tangu utotoni, maana ng'ombe wa baba yake walikuwa wakilia tu, maua yote ya uani yanajifumba.

Alilipanda lile shina mbele ya ofisi ya kijiji. Alipoulizwa, alijibu kwamba anapamba tu. Baada ya masika mawili likawa kichaka.

Mwenyekiti, Modestus, alikuwa mtu mwema, ila sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya bonde. Siku ya mkutano alisimama kando ya maua akanguruma:

"Ndugu wananchi! Sisi viongozi tumeshapalilia ekari zetu kwenye shamba la kijiji! Bado ninyi!"

Maua yakajifunga.

"Yamenuna," akasema Deodata, kama anayejisemea.

Nshoma, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, akageuka. "Kwa nini, mama?"

"Kwetu walisema hayavumilii uongo."

Neno likapita benchi kwa benchi. Hakuna aliyemsikiliza mwenyekiti tena. Macho yote kwenye kichaka. Modestus naye akatazama. Alipopandisha sauti, maua yakazidi kukaza. Akakohoa, akashusha sauti, na moja likafunguka. Akashusha zaidi, yakafunguka kama matano hivi. Jasho likamtoka.

"Kwa kweli," akanong'ona, "ekari yangu mimi... sijaigusa."

Yakachanua yote.

Watu wakaangua kicheko, Deodata kuliko wote, hata kanga ikamdondoka begani. Na kichaka kizima kikajifunga papo hapo.

Modestus akayatazama maua, kisha akamtazama yeye. "Mama Deodata, mimi nimenyamaza. Sasa ni nani kadanganya?"

Deodata akaokota kanga yake, akaitupia begani.

"Labda," akasema polepole, "na ekari yangu ina majani kidogo."

Majani yenyewe yalimfika kiunoni.

Asubuhi iliyofuata kijiji kizima kilikuwa shambani, na mwenyekiti alimpanga Deodata kando yake ili amwone vizuri. Walilima hadi jua likawa kali.

"Mama," akauliza Modestus kwa sauti ya chini, "lile ua ni kweli linajua uongo?"

Deodata akapangusa jembe. "Linaogopa kelele tu, mwanangu."

Modestus akabaki ameinua jembe hewani. Deodata alijiandaa kukaripiwa. Badala yake mwenyekiti akaanza kutikisika mabega kwa kicheko, akamsogelea.

"Usimwambie katibu," akasema. "Jumatatu ni zamu yake kusoma taarifa."