Shingo ya Nimco na Wauguzi wa Mbali

Mwaka wa 1998, ofisi ya shirika moja la misaada pale Dadaab ilikuwa na kompyuta za kuhesabia magunia ya unga, ilhali kambi zote za wakimbizi hazikuwa na hata daktari mmoja wa akili. Aliyepanga mambo hivyo hakuona aibu. Idman aliiona kwa niaba yake.

Idman alikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa Garissa, na zahanati yake ilikuwa chumba cha mabati huko Ifo, mojawapo ya kambi hizo. Mgonjwa aliyemkosesha raha ni Nimco, mama aliyekuwa akisikia sauti tangu vita vimng'oe kwao Somalia. Kaka yake, Ugas, alimfunga mguu kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibanda asije akapotelea nyikani. Alikuwa ameahidi kumfungua iwapo sindano za Idman zingemtuliza. Zilimtuliza, lakini shingo yake ikapinda na kukakamaa kama tawi la mgunga.

"Umetoa jini mmoja, ukaingiza mwingine," Ugas akasema. "Mnyororo utabaki."

Bare, karani wa ile ofisi, ndiye aliyemkalisha Idman mbele ya kompyuta.

"Abaayo, dada yangu, unauliza hapa, unajibiwa Uskoti kabla chai haijapoa."

"Na anayejibu nitamjuaje?"

"Humjui. Ndiyo raha yake."

"Raha gani? Nimkabidhi shingo ya mgonjwa mtu nisiyemjua hata babake?"

Hata hivyo aliandika. Lilikuwapo baraza la wauguzi wa akili wa nchi nyingi, waliopelekeana barua kwa mtandao, moja ikasomwa na wote. Jina la Nimco aliliacha, kama alivyofundishwa. Lakini kwa Wasomali, watu wake, mtu asiye na baba wala babu ni kivuli tu, na nani atahangaikia shingo ya kivuli? Basi akaeleza kwamba mgonjwa ni binti wa mchimba visima wa Afmadow aliyekuwa na jicho moja, na mjukuu wa kadhi aliyefia njiani akienda Makka. Akaridhika kwamba ameficha vya kutosha.

Muuguzi wa Uskoti alijibu kweli: punguzeni dawa ya sindano, ongezeni kidonge cha kulegeza misuli. Kidonge kilikuwamo kabatini. Shingo ikaanza kulainika, na Idman akanogewa. Akawa anauliza hata yasiyo ya kazi. Je, nanyi huota wagonjwa wenu? Huwa mnalilia wapi? Mmoja akamjibu kwamba yeye hulilia katika stoo ya mashuka. Idman akacheka peke yake, kwa kuwa naye alikuwa na stoo yake.

Kisha Ugas akamzuia mlangoni pa kibanda.

"Walaal, ndugu yangu, binamu yetu wa Kanada amepiga taar, ile redio ya kuitana na walio mbali. Amenipa pole kwa wazimu wa Nimco! Nani kamwambia?"

Idman akaelewa mara moja. Katika lile baraza alikuwamo Zakariye, muuguzi Msomali wa Toronto. Jicho moja na kadhi vilimtosha kuitambua familia, naye akamwambia binamu.

"Ni mimi," akasema. "Jina sikulitaja."

"Ukataja babu! Jina lina kazi gani tena? Sindano zimekwisha leo. Na haal, fidia yetu, utalipa, mbuzi mzima, kwa heshima ya dada yangu uliyoivunja."

"Nitalipa. Lakini usikatize dawa, nakuomba."

"Mbuzi ni wa nani?" Sauti ilitoka ndani. Ni Nimco, shingo karibu imenyooka.

"Nyamaza, abaayo. Ni mambo ya heshima yako."

"Basi ninayo!" Akauvuta mguu, mnyororo ukalia. "Kaka, tangu lini mwenye heshima hufungwa kama ndama? Chagua. Kama sina, usidai mbuzi. Kama ninayo, haal ni yangu, nami mbuzi simtaki. Nataka nikawaone hao walioitazama shingo yangu. Kwa miguu yangu yote miwili."

Majirani waliokuwa wamesogea wakaguna. Ugas akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaufungua mnyororo.

Ofisini Nimco aliizunguka kompyuta na kuchungulia nyuma yake.

"Wako wapi?"

"Mbali, eeddo, shangazi yangu," Bare akasema. "Humu hupita maneno tu."

"Mnyororo hawakuuona?"

Idman akazikumbuka barua zake. Visima aliviandika, kadhi alimwandika; mnyororo hakuuandika.

"Waandikie," Nimco akasema. "Waulize kama na huko kwao wagonjwa hufungwa, na nani hukaa na ufunguo."

Idman akaandika, safari hii bila baba wala babu. Ugas alisimama mlangoni, ufunguo ukiwa mkononi, akitaka kujua watajibu nini.